Maalim na Mtihani wa Saba

Kwetu mtu akitajwa, watu huuliza kwanza ni wa nani, baba yake nani, babu yake nani, mpaka wafike mahali wanapoweza kumpenda au kumchukia. Huyu sitamtaja jina wala ukoo. Kuanzia Garissa mpaka Liboi aliitwa Maalim, na wote walijua ni nani anayesemwa. Alikuwa mwendesha redio koli katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, na kabla ya vita vya kwao alikuwa fundi wa simu katika mji mkuu, mtu wa koti na funguo nyingi.

Nami nijitambulishe. Mimi ni mtoto wa Garissa, wa Bulla Iftin. Miaka mitatu nilibeba ngozi mbichi za mbuzi mgongoni, harufu ikawa haitoki hata kwa sabuni ya unga, nikaenda Nairobi kwa karo niliyoitafuta kwa mgongo huo huo, nikarudi na diploma ya kompyuta. Hakuna mjomba aliyenisomesha, hakuna mkubwa aliyeniandikia barua. Niliporudi, katikati ya miaka ya tisini, vijana wa Garissa wenye diploma ya namna hiyo ungeweza kuwakalisha wote kwenye mkeka mmoja, na mkeka ungebaki na nafasi. Nilifunga tai katika joto lile. Shirika moja la misaada likaniajiri mara moja. Leo nina chuo changu mwenyewe, na vyeti vyangu vimetundikwa ukutani, na mgeni akija namkalisha kwenye kiti kinachovitazama. Sioni haya kusema hivyo. Nilivitolea jasho.

Lakini ukiniuliza nani alinifundisha mitandao ya kompyuta, jinsi mashine moja inavyozungumza na nyingine, sitakuonyesha chuo cha Nairobi. Nitakuambia habari za mtu ambaye siku ya kwanza nilipokutana naye hakuwa na kompyuta.

Nilipelekwa Ifo na msafara, magari manne na polisi mbele kwa ajili ya majambazi wa njiani, kwenda kufunga kompyuta ya kwanza katika ofisi ya shirika. Chumba cha redio kilikuwa cha mabati, na ndani alikaa mtu mrefu, mkavu, ndevu zimepakwa hina, amevaa koti la kijivu la kazini kwake kwa zamani. Koti hilo sikuwahi kumwona amelivua, hata mwezi wa pili jua linapochoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha gari. Alinitazama nikifungua masanduku, kisha akaniuliza nimesoma nini. Nikamwambia. Nilimwambia vizuri, somo baada ya somo, na alama zake.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Geuza."

"Nigeuze nini, Maalim?"

"Umenisomea upande mmoja wa ubao, adeer. Upande wa pili umeandikwa nini?"

Adeer ni baba mdogo, na kwetu baba mdogo humwita mtoto wa ndugu yake adeer vile vile, kwa hiyo hakuwa amenitukana. Lakini nilijisikia kama aliyevuliwa tai mbele za watu. Upande wa pili, alitaka kusema, ni yale nisiyoyajua. Ubao wa kujifunzia Kurani huandikwa pande zote mbili, na mwanafunzi mvivu ni yule anayesoma wa mbele akajifanya amemaliza. Neno hilo alilitumia kwa kila kitu. Ukimpa barua, aliitazama nyuma kwanza. Akipewa betri ya gari iliyokufa, aliigeuza. Polisi wa msafara, koplo mmoja mcheshi wa kutoka bara, alikuwa akifika tu anapiga kelele nje ya mabati: "Maalim, leo umegeuza nini? Kama ni chapati, nigeuzie mbili!"

Tulizungumza Kisomali, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. Kiswahili chake mwenyewe alikitumia redioni tu, na kilikuwa Kiswahili cha kambini. Kila asubuhi saa moja na nusu sauti yake iliingia ofisini kwetu Garissa: "Garissa, Garissa, hii ni Ifo. Mimi nabata wewe fizuri. Leta habari." Vijana wa ofisini waliiga na kucheka. Mimi pia nilicheka, mwanzoni.

Sasa niseme alichokuwa anakitafuta. Wenzake wa zamani wa simu walikuwa wamejikusanya Bosaso, bandari ya kaskazini mwa nchi yao, wanajenga kampuni ya simu. Jioni walimwita kwenye redio na kumwambia wazi: waliokuwa wakiwauzia mitambo kutoka nje walitaka kuona mhandisi mwenye cheti kikubwa cha mitandao, kile kinachotolewa na kampuni moja ya Marekani kwa mitihani saba. Lete cheti, Maalim, tukupe kituo kizima. Kwa mtu mwingine cheti kile kilikuwa nyongeza ya mshahara. Kwake kilikuwa mlango wa kutokea. Aliwahi kuniambia, akifunga waya bila kunitazama: "Hapa watu wanahesabu kadi yangu ya chakula. Nataka niamke mahali ambapo kuna mtu anangoja kazi yangu."

Vitabu vya mitihani hiyo vilikuwa vinne, vinene kama matofali, na Ifo nzima ilikuwa na seti moja, aliyoachiwa na mhandisi mgeni aliyemaliza mkataba. Kompyuta ya ofisi ilifungiwa saa kumi na meneja aliondoka na ufunguo. Maalim alisoma kwa njia aliyoijua. Baba yake alikuwa mwalimu wa dugsi, chuo cha Kurani, na Maalim alikuwa bado na ubao wake wa Kurani. Akatengeneza wa pili kwa kipande cha sanduku la dawa, kwa sababu hakukubali maneno ya kompyuta yaandikwe kwenye ubao uliobeba maneno ya Mungu. Baada ya sala ya alfajiri alinakili ukurasa mmoja kwa kalamu ya kijiti na wino wa masizi na gundi ya mgunga, mbele na nyuma. Aliubeba ubao siku nzima, akisoma kwa sauti kati ya ujumbe na ujumbe, mwili ukiyumba mbele na nyuma. Jioni aliufunika, akakariri wote. Akikosa neno moja, ubao ulibaki hivyo mpaka kesho. Akiupata wote, aliuosha.

Maji ya ubao wa Kurani yalimwagwa mahali safi pasipokanyagwa. Maji ya ubao wa mitandao yalimwagwa kwenye mche wa mwarobaini nyuma ya nyumba, na mche huo ulistawi kuliko yote ya mtaa wake. Mke wake, niliyemwita Habaryar, mama mdogo, alikuwa na ulimi.

"Warya, we kijana, mti huu umesoma kuliko wewe," aliniambia. "Chuma jani utafune, labda na wewe utafaulu."

"Habaryar, mimi nina diploma."

"Basi tafuna mawili."

Kwa kuwa hakuwa na mashine ya kufanyia mazoezi, alichora kibodi juu ya katoni ya mafuta ya msaada, herufi kwa herufi, akaigonga kwa vidole vyote kumi. Nilipomruhusu kwa mara ya kwanza kukaa mbele ya kompyuta halisi, meneja akiwa safarini, aliandika amri ndefu bila kutazama chini na bila kosa. Kisha akasimama, akaniambia nifunge. Nilimwuliza kwa nini asiendelee. "Nilitaka kujua kama vidole vinasema kweli," akasema.

Mimi nilijisajili kwa mitihani ile ile nyuma yake, na sitaficha kwamba nilijisajili kwa wivu. Haikuniingia akilini mzee wa kambini anipite. Akanikubali kama mwanafunzi bila maneno mengi. Kila nilipofika Ifo na msafara, nilikaa kwenye mtungi wa gesi uliopinduliwa, nikasoma kwa sauti, yeye akiwa na kipande cha antena iliyovunjika mkononi. Nikikosea, aligonga meza. Tak. Nilinyamaza, nikatafuta kosa langu mwenyewe, nikaanza tena mwanzo wa ukurasa.

Hapa lazima mtu aelewe desturi ya dugsi. Mwalimu wa dugsi hasifu. Ukisoma sawa anakuacha uendelee, hata kama unasoma mpaka sauti inakauka. Kusimamishwa ni kwa mwenye kosa tu. Ukimya wa mwalimu ndiyo zawadi. Maalim alikulia katika desturi hiyo na akatuongoza kwayo. Miaka mitatu nilikaa kwenye mtungi ule, nikagongewa mara nisizoweza kuhesabu, na hata siku moja hakunigongea kwa heri. Niseme kweli: mimi napenda kusifiwa. Nilirudi Garissa mara nyingi nikiwa na njaa ya neno moja tu kutoka kwake, na neno hilo halikuja.

Wala hakubagua wa kumgongea. Mhandisi mmoja aliletwa kutoka Nairobi kutufundisha namna ya kuunganisha ofisi tatu kwa waya mmoja mwembamba. Alisimama na miwani yake ya jua kichwani, akasema waya ule utafika mita mia tatu bila shida.

Tak.

Mhandisi akageuka. "Kuna nini, mzee?"

"Mia moja themanini na tano," Maalim akasema kwa Kiingereza, na akataja kitabu na ukurasa. Mhandisi alicheka akatandaza waya wake wote. Siku mbili mashine hazikuonana. Siku ya tatu aliukata kimya kimya, na alipokuwa akiondoka alimpa Maalim mkono kwa mikono miwili.

Mtu huyo mkali wa herufi ndiye huyo huyo aliyevunja kanuni ya redio kila Alhamisi. Alasiri hiyo shirika liliruhusu wakimbizi watafute jamaa zao kwa redio, dakika tatu kila mmoja. Meneja alikuwa amebandika karatasi ukutani. Nilishuhudia bibi mmoja akimpata bintiye aliyepotea tangu vita, akishindwa kusema lolote, akilia tu huku kitufe kimebanwa, na upande wa pili mtoto analia bila kusikika kwa sababu mama hajaachilia kitufe. Maalim aliweka mkono wake juu ya mkono wa bibi, akaubana na kuuachia, kubana na kuachia, kama anayemfundisha kupumua. Dakika tatu zikawa kumi na tano. Nilipomkumbusha karatasi ya ukutani alisema, "Nimeisoma. Nimeisoma na nyuma. Nyuma hakuna kitu."

Jioni ile ile alinigongea kwa kukosea tarakimu moja.

Kwenda Nairobi kwa mtihani halikuwa jambo dogo kwake. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali kilitolewa kwa siku chache, baada ya kungoja miezi. Akiwa safarini, ikitokea siku ya kuhesabiwa watu naye hayupo, kadi ya chakula ya nyumba yake ingeweza kufutwa. Habaryar hakulala siku hizo. Akaenda mara nne katika miaka mitatu, akafanya mitihani sita. Alirudi na basi, koti limejaa vumbi, akashuka, akamsalimia mkewe, na sisi tukiwa tumesimama pale kwa hamu, Koplo naye na bunduki begani, akasema neno moja.

"Sikusimamishwa."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtihani aliofaulu. Karatasi ya matokeo aliikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akaenda kuwasha redio.

Mtihani wa saba ulikuwa mgumu kuliko yote, na ulikuwa wa mwisho. Wa Bosaso walishajua siku yake. Alikwenda mapema mwaka wa tisini na saba, kabla ya joto kubwa. Niliomba zamu ya msafara makusudi ili niwe Ifo akirudi. Alishuka. Akamsalimia Habaryar. Akatutazama.

"Nimesimamishwa," akasema.

Koplo alijaribu kumfariji. "Maalim, hata bunduki hukwama. Unaifungua, unaisafisha, unajaribu tena."

"Kweli, Koplo," akajibu kwa upole, akaingia kwenye mabati yake.

Baadaye kidogo alinieleza, nami nayaeleza kama alivyonipa. Mitihani sita ya mwanzo ilikuwa na maswali zaidi ya sitini kila mmoja, naye aliyamaliza yote. Huu wa saba, alipojibu swali la kumi na saba, mashine ilifunga. Skrini ikaandika kwamba mtihani umekwisha, nenda mapokezi. Alikaa kidogo akitazama. Kisha akafunga vifungo vya koti, akapita mapokezi bila kugeuza uso, akashuka ngazi. "Sikutaka yule dada aone uso wangu," akasema. "Swali la kumi na saba, adeer. Hata mtoto wa dugsi anafika mbali zaidi."

Wa Bosaso walimwambia watamngoja mpaka kituo chao cha pili kifunguliwe, ajaribu tena. Akaomba kibali kipya. Kibali hakikuja. Ubao ule wa sanduku la dawa aliurudia kutoka ukurasa wa kwanza, na katika miezi ile ndipo nilipoona ndevu zake, chini ya hina, zimekuwa nyeupe kabisa.

Zamu yangu ya mtihani wa saba ilifika mwezi wa kumi. Niliketi mbele ya mashine nikiwa nimevaa suti. Swali la ishirini na moja, ikafunga.

Mimi sikulelewa kuondoka kimya. Nilikwenda mapokezi sauti ikiwa juu. "Dada, mashine yenu imeharibika! Nimelipia maswali yote, nimepewa ishirini na moja!"

Yule dada alikuwa akinywa chai. Hakuinuka hata. "Kaka, punguza sauti. Mtihani huu ni wa namna mpya. Mashine ikishajua kwamba unajua, haina haja ya kukuuliza zaidi. Inakusimamisha." Printa nyuma yake ikaguna, akang'oa karatasi, akanipa. "Hongera. Ulitaka iendelee ili ufeli?"

Nilisoma alama zangu. Nilizisoma mara mbili, napenda kusema. Ndipo nikakumbuka swali la kumi na saba. Nikamwuliza kama anamkumbuka mzee mmoja mrefu, ndevu za hina.

"Wa koti? Yule alipita hapa kama upepo. Nilimwita hakugeuka." Alifungua droo, akatoa bahasha. "Hakurudi kuchukua. Cheti hakitumwi mpaka mwenyewe atie sahihi kwenye karatasi hii, irudishwe. Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ni mtoto wake," nikasema. Akaitazama kadi yangu ya shirika, akanipa.

Ilikuwa karatasi ile ile kama yangu. Alifaulu. Alama zake zilizidi zangu.

Kuanzia hapa ningependa niandike haraka, lakini yeye asingekubali. Nilipanda basi kurudi Garissa na karatasi mbili kwenye mkoba, na njia nzima nilijiona nikishuka Ifo, watu wamekusanyika, mimi nasimama katikati nikitoa bahasha. Niliitengeneza hotuba. Niliijua kwa moyo nilipofika kwenye daraja la kuingilia mjini.

Wiki ile mvua zikaanza. Waliokuwapo wanazikumbuka, zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Barabara ya Dadaab ikageuka ziwa, misafara ikasimama, ngamia wakafa wima katika matope. Ifo ilizama. Na kila asubuhi saa moja na nusu sauti ilifika: "Garissa, hii ni Ifo." Alikuwa amepandisha betri juu ya meza na yeye juu ya kiti, maji yakiwa ndani ya mabati, na kwa wiki tatu hakuna siku aliyokosa. Alitaja mitaa iliyobebwa na maji, idadi ya blanketi zinazotakiwa, majina ya wagonjwa. Mimi nilikuwa upande huu wa redio, kalamu mkononi, na karatasi yake iko kwenye mkoba wangu hatua mbili kutoka nilipokaa.

Sikumwambia.

Nilijiambia kwamba masafa yale yanasikilizwa mpaka Mandera na si mahali pa habari ya mtu mmoja wakati watu wanakufa. Hiyo ilikuwa sababu nzuri, na haikuwa sababu yangu. Ndege ndogo ilikuwa ikitua Dadaab kila ardhi ilipokauka kidogo, ikibeba dawa na mfuko wa barua, na trekta ikiupeleka mfuko huo Ifo. Ningeweza kuitia bahasha humo, na sahihi ingerudi na ndege iliyofuata. Sikuitia. Nilitaka niwe mimi. Nilitaka nimwone usoni nikimletea, nilitaka Ifo wajue ni nani aliyekwenda kugombana Nairobi mpaka ukweli ukatoka. Nikangoja barabara.

Barabara ilifunguka baada ya miezi minne. Nilikuwa katika gari la kwanza, Koplo kando yangu, naye alikuwa mtu wa pekee niliyemwambia. "Umekaa nayo tangu lini?" akauliza. Nilipomjibu hakufanya mzaha. Alitazama nje mpaka tukafika.

Maalim alikuwa nje anaanika vitabu vyake juani, kurasa zimevimba. Watu walikuja, kama nilivyotaka. Habaryar akaleta chai ya maziwa kwenye birika. Nilisimama katikati, nikatoa hotuba, nikatoa bahasha. Watu wakapiga vigelegele, wanaume wakampa mkono, mtu akasema takbiri. Yeye aliishika karatasi mbali kidogo na macho, akaisoma mstari kwa mstari. Uso wake ulifunguka. Niliona hilo, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba niliona. Kwa muda wa kunywa funda moja la chai alikuwa mtu wa koti na funguo nyingi.

Kisha akaigeuza.

Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu. Mimi, mwenye diploma, niliyekaa na karatasi ile tangu mwezi wa kumi, sikuwa nimeigeuza. Alisoma. Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anayehesabu siku za kufunga. Akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti pamoja na zile sita. Akawashukuru watu, akawaambia wanywe chai.

Walipoondoka tukabaki mabatini, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye mtungi wa gesi.

"Mwaka mmoja kutia sahihi," akasema. "Umepita kwa siku kumi na moja."

"Tutawaandikia, Maalim. Tutawaeleza mvua."

"Tutawaandikia." Alisema kama mtu anayekubali kumfurahisha mtoto. Tuliandika kweli, baadaye, na jibu lilikuja la heshima, la kukataa.

"Na Bosaso?" nikauliza.

"Kituo kimefunguliwa. Waliniita mvua zilipokuwa zinapungua. Waliniuliza mara ya mwisho kama nina cheti." Akanyoosha waya wa kipaza sauti uliokuwa umejikunja. "Nikawaambia sina. Wamechukua mtu mwingine."

Mvua zilipokuwa zinapungua. Nilihesabu pia. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Ndipo nikaanza kusema. Nilimweleza mashine ile mpya, jinsi inavyopima, kwamba ukijibu sawa inakupa swali gumu zaidi, na ukijibu hilo pia inakupa gumu zaidi, mpaka inapojua bila shaka yoyote kiwango chako, ndipo inafunga. Nilimweleza yule dada na chai yake. Nilimweleza ndege na mfuko wa barua. Nilimwambia kwamba nilitaka niwe mimi, kwamba nilitengeneza hotuba ndani ya basi, kwamba kila asubuhi nilimsikia ndani ya maji na nikanyamaza, na kwamba sababu ilikuwa sifa, sifa tu, na nikaanza tena upya kutoka basi, kwa sababu niliona sijasema vizuri.

Tak.

Alikuwa ameshika kile kipande cha antena. Nikanyamaza kama nilivyozoea, nikatafuta kosa langu. Yalikuwa mengi, sikujua nianzie lipi.

"Nimekosea wapi, Maalim?"

"Hukukosea," akasema. "Nimeshajua. Inatosha."

Akanisogezea kikombe changu cha chai, kilichokuwa kimepoa, akageukia redio.